Nitoe Kwenye Bluu

Wa kwanza kuja kuniomba nimtoe kwenye bluu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alibisha hodi ofisini kwetu asubuhi, kavaa koti lake la vikao, akavuta kiti mwenyewe. Akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za mahindi, kisha akashusha sauti.

"Injinia, nimekuja kwa jambo dogo tu. Shule yangu umeipaka bluu kwenye ramani yako. Wazazi wameanza kuuliza. Naomba uitoe."

Nilimwambia sikuipaka mimi. Nilimwambia ni kompyuta iliyopiga hesabu, kwamba mvua kubwa ikishuka mlimani maji yatapita uwanjani kwake na kuingia madarasa ya chini.

"Najua ni kompyuta," akasema kwa upole wa mtu aliyezoea watoto wagumu. "Lakini kompyuta si ni ya kwako?"

Baada yake alikuja mwinjilisti. Huyu hakudai kanisa lote litoke, alitaka upande wa madhabahu tu, waumini wasije wakakwazika. Akafuata mfanyabiashara wa mbolea na jogoo mkononi. Nilimrudisha yeye na jogoo wake, akaondoka akiwa amenuna kama mtu aliyedhulumiwa. Nilicheka sana siku ile. Kicheko kiliisha wiki hiyohiyo, kwa sababu aliyefuata alikuwa mama yangu mdogo, na nyumba yake ndiyo ilikuwa imezama kuliko zote.

Mimi ni mtoto wa Tlawi, huko juu Mbulu, ambako mashamba yamelala kwenye miteremko na mvua ikikukuta umezembea inahamishia udongo wako kwa jirani. Mama yangu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa msichana tu, alinilea kwa bibi. Alipoolewa na mtu wa Gehandu na kuhamia mji ule mdogo chini ya mlima Hanang, alimwambia mumewe wazi kwamba anakuja na mtoto, na kama mume hataki mtoto basi na yeye haji. Mume alikubali. Ndivyo nilivyokulia katika nyumba ya bondeni, chini ya barabara kuu: matofali ya kuchoma, bati, zizi dogo, mparachichi uani. Mume alipofariki, mama mdogo alibaki na nyumba ile na ng'ombe wachache, akawa anauza mtindi sokoni. Serikali iliponiajiri na kunipangia mji uleule, nilirudi kulala kwenye chumba changu cha zamani, na sikuona aibu yoyote, mtu mzima na digrii yake, kuamshwa na mama mdogo kwa kugongewa dirisha.

Bondeni kule tulizoea maji. Kila masika yanashuka kutoka mlimani, mekundu, yanabeba mawe na mabua, yanapita stendi, yanafika kwenye tuta la barabara na kukuta kalavati moja jembamba. Yanajikusanya, yanapata hasira, halafu yanatoka upande wa pili yote kwa pamoja, na upande wa pili ni sisi. Tuliinua vitanda juu ya matofali, tukapandisha gunia la mahindi darini, tukangoja. Miaka mingi ofisi ilikuwa na jibu moja tu: watu wa bondeni wamejenga kwenye mkondo wa maji. Aliyejenga kwenye mkondo huwekewa alama ya X nyekundu ukutani, na akishawekewa X anaondoka na bati zake kichwani, hakuna fidia.

Nilipopewa kazi ya kuandaa mpango wa mitaro ya mji, nilijua mapema kwamba ramani yangu ndiyo itakayosema nani apigwe X. Nilijua pia kwamba mama mdogo anajua. Hatukulizungumza. Alinimiminia chai asubuhi akaniambia nivae viatu vizuri, basi.

Niseme jinsi ile kazi ilivyofanyika, maana wengine walidhani nilikaa kitini nikachora. Tulirusha droni juu ya mji wakati wa kiangazi, ikapiga picha mpaka mashamba ya mlimani. Picha zile programu inazigeuza kuwa ardhi ndani ya kompyuta: kila mwinuko, kila shimo, kila paa. Kisha unainyeshea mvua. Unaiambia mvua hii ni ya kawaida, hii ni kubwa, na unatazama maji yanakwenda wapi. Mara ya kwanza nilipoinyeshea, maji yalisimama juu ya mji na kutengeneza ziwa ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona. Nilikaa nikilitazama lile ziwa kwa hasira. Kumbe droni inaona majani ya mikaratusi na kudhani ni udongo. Mstari wote wa mikaratusi ulikuwa umegeuka ukuta. Ikabidi niing'oe ile miti mmoja mmoja ndani ya kompyuta. Tena programu haijui kwamba chini ya barabara kuna tundu, lazima uiambie, na huwezi kuiambia bila kuingia. Niliingia kwenye kalavati kwa magoti na kipimo mkononi. Nusu yake ilikuwa imejaa matope, na ndani kulikuwa na mbuzi aliyenitazama kama mimi ndiye niliyepotea.

Miti ilipotoka na kalavati likaingia, nikanyesha mvua tena. Safari hii maji yalikwenda vilevile nilivyoyajua tangu utotoni. Yalifika mlangoni kwetu, yakapanda.

Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Nilitazama ardhi chini ya stendi na chini ya gesti kubwa iliyo pembeni yake. Mabonde ya juu yote yanaelekea pale. Umbo la ardhi linakuonyesha wazi kwamba korongo lilipita hapo, likaenda kuvuka barabara mbali na nyumba zetu, likamalizikia mbugani. Halipo tena. Lilijazwa kifusi, viwanja vikapimwa juu yake, gesti ikajengwa, stendi ikapanuliwa. Maji yalipokosa njia yakageuka kushoto, na kushoto ni bondeni. Nikalifungua lile korongo ndani ya kompyuta: mtaro mpana ukingoni mwa stendi, makalavati makubwa chini ya barabara, mtaro uendelee nyuma ya nyumba za bondeni mpaka mbugani. Nikanyesha mvua ileile kubwa. Nyumba zetu zilibaki kavu, na gesti pia.

Kwa hiyo naandika tena hapa, kama nilivyosema wakati ule kwa kila aliyekuwa na masikio: watu wa bondeni hawakujenga kwenye mkondo. Mkondo waliletewa.

Tuliitisha mkutano ukumbini. Nikatundika shuka nyeupe ukutani, nikawasha projekta, nikaonyesha kwanza hali ilivyo. Maji ya bluu yakaanza kushuka kutoka mlimani, yakaingia mitaani, yakajaza. Halafu mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Rudisha! Rudisha tuone tena!" Nikarudisha. Wakaanza kutafuta nyumba zao. "Lile si bati langu? Kile si choo cha shule?" Wakacheka, wakasukumana mbele. Nilifurahi. Nikawaza, wameelewa.

Hawakuelewa nilichodhani wameelewa. Kwenye mji ambao rangi pekee ambayo serikali imewahi kupaka kwenye nyumba ya mtu ni X nyekundu, nani atakuamini ukimwambia hii rangi nyingine haina ubaya? Nilipofika kwenye picha ya pili, ile ya mtaro mpana na nyumba kavu, hakuna aliyekuwa akitazama. Walikuwa wanahesabu nani yumo kwenye bluu na nani hayumo, na kesho yake foleni ya kuomba kutolewa ikaanza.

Mwenye gesti hakupanga foleni. Alikuwa mzee wa heshima, mnunuzi wa mbaazi na mahindi wa siku nyingi, mzaliwa wa Mbulu kama sisi. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wangu wa kazi.

Mkuu wangu sikuwahi kumchukia. Aliletwa kwetu kikazi kutoka mikoa ya ziwani, akavaa sweta mwaka mzima, akatuma pesa kwao, akawa anamwomba Mungu amalize muda wake salama. Aliniita, akafunga mlango.

"Dada yangu, ramani hii ina maadui wengi."

"Ina maji mengi, mkuu."

"Stendi na gesti zitoke kwenye bluu. Bondeni ibaki. Bondeni hata usipoweka rangi kila mtu anajua. Halafu tuandike kwamba waliojenga kwenye mkondo wahamishwe, na mtaro tuchimbe mdogo wa kusafisha lile kalavati la sasa. Mpango utapita."

"Nikiitoa stendi, maji yanayopita pale niyapeleke wapi?"

"Si ni kompyuta? Iambie."

Nilikataa. Akasema lile ambalo nilikuwa nalingoja. "Unawatetea kwa sababu mama yako anakaa kule."

"Ndiyo," nikamwambia. "Anakaa kule, na mimi nakaa kule, na ndiyo maana najua. Angekaa stendi ningechora vilevile. Kama huamini, mlete injinia yeyote wa kutoka popote, ainyeshee mwenyewe."

Hakumleta. Alimwambia kijana wa kompyuta wa ofisi ya pili aifute bluu ya stendi kwa programu ya kuchezea picha, ile ya kutengenezea kadi za harusi, na ramani hiyo ikachapishwa. Gesti ilikaa katikati yake kavu kabisa, maji yamekatika ghafla upande wa juu na kuanza ghafla upande wa chini. Kama mtu angeniambia hayo ningecheka. Nilipoiona imebandikwa kwenye mbao za matangazo niliupita mlango wa ofisi bila kuingia.

Jioni ile, jua bado halijazama, mama mdogo alikuwa uani akisuka maziwa kwenye kibuyu. Alikuwa ameiona. Sokoni wote walikuwa wameiona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Akaendelea kutikisa kibuyu. "Stendi imetolewa. Gesti imetolewa. Mimi hujanitoa."

"Siwezi kukutoa, mama."

"Nimekuosha, nimekusomesha, nimekuja na wewe kwenye nyumba hii kama sharti la ndoa yangu. Sijawahi kukuomba kitu. Nitoe kwenye bluu. Watakuja na rangi yao nyekundu wataniambia tazama, hata mtoto wako amesema."

Hakuna mkubwa wa kazi aliyewahi kuniumiza kama sentensi ile. Nilimwambia nikimtoa yeye, gesti nayo imetoka kihalali, kila mtu ametoka, na maji yatakuja kwenye ramani isiyo na mtu. Nilimwambia bluu yake ndiyo ushahidi wake. Nikaingia ndani nikaleta kompyuta, nikamwonyesha picha ya pili, mtaro mpana unaopita nyuma ya zizi lake, nyumba kavu. Aliiangalia kwa makini, akauliza mtaro unapita wapi hasa, nikamwonyesha kwa kidole: pale kwenye mpaka, karibu na mparachichi.

"Na hawa wa juu," akasema, "walipoziba korongo lao na kunielekezea maji, walimwita nani?"

Nilikuwa nimesahau jambo hilo kabisa, mimi mtoto wa Tlawi.

Kwetu huchimbi mfereji wa kutolea maji shambani kwako kabla hujamwita aliye chini yako. Unamwita, anakuja na jembe lake, anasimama kwenye mpaka pale maji yatakapotokea. Anaangalia juu, anaangalia chini, anasema hapa sawa au hapa hapana. Akisema hapana, unasogea. Kabla hajasimama hupigi jembe hata moja. Nakumbuka mama mdogo akiwa bado msichana, kasimama kwenye mpaka wa shamba la bibi, manyunyu yakimlowesha, akimkatalia mwanamume mwenye ndevu zake: "Hapa hapana. Sogea." Nilikuwa mdogo, nimeshika gauni lake, na nilimwogopa yule mwanamume. Alisogea.

"Hawakumwita mtu," nikamjibu.

"Basi," akasema, akarudi kwenye kibuyu chake. Sikujua kama amenisamehe au la. Chakula alinipakulia, ila hakuniuliza kama kimetosha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua chokaa. Nikachukua ndoo, brashi, na ufito nilioupima vizuri. Ramani waliweza kuifuta, lakini kuta za mji mzima wangezifuta vipi? Nilianzia kwenye ofisi yetu wenyewe, maana na sisi tulikuwamo: nikapiga mstari mweupe ukutani, usawa wa kifundo cha mguu. Mlinzi akaniuliza ni maandalizi ya sherehe gani. Nikaenda dukani kwa yule wa jogoo, nikapiga mstari. Kanisani nilipiga kwa nje, upande wa madhabahu. Shuleni nilipiga kwenye madarasa ya chini. Ilikuwa siku ya soko, watu wakaanza kunifuata wakiuliza, na kila aliyeuliza nilimjibu: maji yatafika hapa, mvua kubwa ikija, kama hatufungui korongo.

Nilipofika gesti, mwenyewe alitoka nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafanya nini kwenye ukuta wangu?"

"Naweka alama maji yatakapofika. Kwako ni gotini."

"Futa."

"Utafuta wewe, mzee. Ukuta ni wako."

Sauti yangu ilikuwa ya adabu tupu. Bibi angekuwepo asingepata kosa. Lakini watu waliguna, na yeye alisikia walivyoguna. Akamwita mfanyakazi wake na ndoo ya maji, wakasugua. Chokaa ikasambaa, mstari mwembamba ukawa doa pana linaloonekana mpaka stendi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kwetu. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, habari zimeshamfikia.

"Na kwangu?"

"Kiunoni, mama."

Alininyang'anya brashi. Nilidhani ataitupa. "Kama ni kuzamishwa," akasema, "nitajizamisha mwenyewe." Akachovya, akapiga mstari mnene kutoka pembe hadi pembe ya nyumba yake, hakuinua mkono hata kwenye mlango.

Jumatatu niliitwa kujieleza. Walinisomea makosa: kuchafua majengo, kuzua taharuki, kumdharau mkubwa wa kazi. Nilikiri la chokaa. Nikawaambia hayo mengine wayapeleke mlimani. Kuna mmoja pale mezani alizuia kicheko kwa kukohoa, na nilimshukuru moyoni, ingawa alitia saini pamoja na wenzake.

Mvua ilikuja masika yaleyale, mchana, watu wakiwa sokoni. Haikuwa ya kuua mtu, na hilo nalishukuru. Ilikuwa ya kukaa tu, inapiga mlima na kupiga. Maji yakashuka na rangi yake nyekundu, yakapita stendi, yakaingia gesti mpaka juu ya lile doa la chokaa. Ofisini yalifika kwenye mstari na kuacha mafaili ya chini yakiwa uji. Shuleni hayakufika kabisa. Hapo hesabu ya kompyuta yangu ilikosea: mtu alikuwa amejenga ukuta mpya upande wa juu wa uwanja baada ya droni kupita, na mimi sikurudi kuangalia. Mwalimu mkuu hajawahi kuniacha nisahau. "Nilikuambia uitoe," alikuwa akiniambia kila tukikutana, kwa furaha isiyofichika, na nilimwachia ushindi wake.

Kwetu nilimkuta mama mdogo kasimama ndani ya maji, kanga imelowa, mkono umeshika fremu ya mlango. Maji yalikuwa yamegusa mstari wake. Hayakuuvuka. Aliutazama, akanitazama mimi, akasema, "Kiunoni," kama mtu anayepokea chenji na kukuta iko sawa.

Maji yalipopungua hakwenda kuokoa vyombo. Alivaa mabuti ya marehemu mumewe, akapanda barabarani, mimi nyuma yake, na majirani nyuma yangu. Gesti walikuwa wameanika magodoro kwenye ngazi, mwenyewe anasukuma tope kwa ufagio. Mama mdogo alimwamkia, shikamoo, kama inavyopaswa. Akaitikia. Kisha mama akamsemesha kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu Mbulu, kwa sauti ya kusikika stendi nzima, na wengi pale walielewa.

"Wewe umezaliwa Mbulu kama mimi. Korongo hili ulipoliziba, ulimwita nani aliye chini yako?"

Mzee aliegemea ufagio wake.

"Mimi niko chini yako tangu siku hiyo. Sijahama. Ulijua nyumba yangu. Hukuniita."

Wale waliotoka mikoa mingine waliona mama muuza mtindi anaongea na tajiri kuhusu jambo lisiloeleweka. Sisi wengine tuliangalia chini. Hakuna ramani ningeweza kuchapisha ambayo ingemfikia pale neno lile lilipomfikia. Aliweka ufagio ukutani taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango, na magodoro yake yakabaki nje yanavuja.

Nilidhani yameishia hapo. Kwa upande wangu kweli yaliishia, maana wiki chache baadaye nilipata uhamisho. Waliandika kwamba huduma yangu inahitajika zaidi kwingine. Nimekuja Yaeda Chini, kusimamia vivuko kwenye njia ambazo gari likipita leo, kesho wanapita ng'ombe tu. Waliodhani wamenitupa hawajui mimi ni nani. Maji yapo hata huku, na huku hakuna gesti ya kuniambia niyapitishe wapi. Wafugaji nimewaita wasimame kabla ya kila kivuko, walio chini kwanza, na kazi inakwenda vizuri kuliko ilivyowahi kwenda kule mjini. Kabla sijaondoka nilichapisha picha ya pili kwa karatasi kubwa, ile ya mtaro mpana na nyumba kavu, nikaibandika sebuleni kwa mama mdogo, kando ya kalenda ya kanisa. Alilalamika kwamba imeficha picha ya harusi yake. Hakuibandua.

Juzi alinipigia. Mtandao huku unapatikana ukipanda kichuguu, na mimi nilikuwa juu ya kichuguu kwa bahati, natafuta usawa wa ardhi kwa ajili ya kivuko.

"Wamekuja," akasema, bila salamu, hata kabla sijamwamkia. "Kijiko cha kuchimbia kimekuja, na watu wa majembe, na mkuu wako na sweta lake. Wamevunja ukingo wa stendi. Gesti imetoa ukuta wake yenyewe."

"Mwenye gesti amekubali?"

"Amekuja mwenyewe mlangoni asubuhi. Amesimama hapo nje kwenye mstari wangu wa chokaa, kofia mkononi. Ameniita. Amesema, mama, njoo usimame."

Nilikaa chini palepale juu ya kichuguu. Nilikuwa nalia na sikutaka ajue, kwa hiyo nikauliza kwa sauti ya kazi, "Ukasimama?"

"Nikavaa mabuti nikasimama. Kwenye mpaka, pale karibu na mparachichi, pale uliponionyesha. Picha yako niliibandua ukutani nikatoka nayo. Nikatazama walivyopiga kamba zao." Kwa sauti yake nilijua bado amesimama palepale, anaangalia kitu mbele yake. "Mtaro wao ulikuwa mwembamba, mwanangu. Nusu ya wa kwenye picha. Wanasema fedha ni kidogo, huu utatosha. Na kamba wameipitisha ubavuni mwa nyumba yangu, ili baadaye waseme nyumba ndiyo imewabana."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia hapa hapana."

Niliwaza mkuu wangu, mtu wa mbali, akisimama mbele ya mwanamke aliyevaa mabuti ya mwanamume na kushika karatasi iliyojikunja, akingoja mtu amfafanulie kwa nini watu wote wa majembe wameacha kuchimba. Niliwaza mwenye gesti, ambaye hakuhitaji kufafanuliwa.

"Mama, wamesemaje?"

Nilisikia simu ikipita hewani, ameinyoosha mbele kwa mkono wake wote. Nikasikia upepo, mtu akipiga kelele kamba iinuliwe, kigingi kikigongwa ardhini, kisha kingine, mbali zaidi.

Akairudisha simu sikioni.

"Wanasogea," akasema.